Pete ya Mukuku Haina Idara: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu vya Umma na vya Binafsi,
Kwa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, Kampala,
Nakala: tume za sayansi na teknolojia, NACOSTI ya Nairobi na COSTECH ya Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KUFUNGUA MILANGO KATI YA SHERIA, FALAKI, UCHUMI WA MAZINGIRA NA HISABATI

Waheshimiwa,

Tarehe 30 Desemba 2024, saa tisa alasiri, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni nchini Kenya. Siku mbili baadaye Shirika la Anga za Juu la Kenya lilitangaza kwamba, kwa uchunguzi wa awali, ile ni pete inayotenganisha sehemu za roketi. Kabla wiki haijaisha, uvumi ulishaamua kwamba mwenye pete ni India, na Shirika likalazimika kukanusha. Huko Ulaya na Marekani wachambuzi wa obiti nao walitofautiana. Wapo waliokokotoa wakaona huenda ni kipande cha roketi ya Ariane iliyorushwa mwaka 2008, na wapo waliotilia shaka kama kitu chenyewe kilitoka angani.

Ninawaandikia kwa sababu ya mjadala ule. Kitu kilianguka kwetu, juu ya ardhi ya watu wetu, lakini hesabu zilizonukuliwa sana zilitoka mbali. Sidhani kwamba tumekosa vichwa. Tunao wanasheria waliobobea, tunao wanahisabati, tunao wachumi wa mazingira, na idadi ya wanafalaki wetu, ingawa ni ndogo, inakua. Tulichokosa ni chumba ambamo hawa wanne wanaweza kukaa meza moja, wakaandika karatasi moja, na kila mmoja akahesabiwa kwamba amefanya kazi yake.

Nianze na sheria, maana aliyeangukiwa na kitu kwanza huuliza nani atamlipa.

Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema dola huwajibika kwa vyombo vinavyorushwa angani, hata vikiwa vya kampuni binafsi. Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972 ukaenda mbele zaidi: chombo kikileta madhara juu ya ardhi, nchi iliyokirusha hulipa bila mdai kuthibitisha uzembe. Mfano wake maarufu ni setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954, iliyobeba kinu cha nyuklia na kuanguka kaskazini mwa Kanada Januari 1978. Kanada ilidai dola milioni 6 hivi za nchi hiyo, na mwaka 1981 Umoja wa Kisovieti ukakubali kulipa milioni 3.

Maneno ya mkataba ni mazuri, lakini mkulima hawezi kuyatumia mwenyewe. Dai hupelekwa na serikali kwa serikali, na muda wake ni mwaka mmoja tangu madhara yatokee au tangu nchi iliyorusha itambuliwe. Yaani saa ya sheria inaweza kuanza kuhesabu pale tu mtu anapoweza kusema: pete hii ni ya roketi fulani, iliyorushwa siku fulani, kutoka mahali fulani. Hakuna wakili anayeweza kulisema hilo peke yake. Ni kazi ya mwanafalaki anayefuatilia obiti na mwanahisabati anayekokotoa njia ya kitu kikirudi duniani, huku hewa ya tabaka za juu ikikivuta kwa nguvu isiyotulia. Bila hao wawili wakili huyo hana wa kumshtaki. Na wao bila wakili, hesabu yao itabaki ya kusomwa na kustaajabiwa tu.

Tena tusidhani kwamba kila siku sisi tutakuwa upande wa kudai. Mkataba huohuo unaita nchi iliyorusha si ile tu yenye roketi, bali pia ile iliyoagiza chombo kirushwe, na ile ambayo chombo kiliondokea katika ardhi au mitambo yake. Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa Aprili 2023 kutoka California kwa roketi ya SpaceX. Rwanda na Uganda nazo zimekwisha kupeleka vyombo vyao angani. Kisha lipo jukwaa la San Marco katika bahari ya Malindi, ambalo Waitaliano walilitumia kurushia roketi kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Je, Kenya ina dhima gani juu ya vyombo vilivyoondokea pale? Swali hilo linatosha tasnifu nzima ya uzamili wa sheria. Lakini mwanafunzi atakayelichukua atahitaji mtu wa kumwonyesha ni vyombo gani bado vinazunguka na ni vipi vilikwisha kuungua.

Sasa hisabati. Ukirusha kitu kwenye obiti iliyoinama nyuzi 6 kutoka Ikweta, hakitapita kamwe juu ya eneo lililo kaskazini au kusini zaidi ya nyuzi 6. Roketi nyingi zilizopeleka setilaiti za mawasiliano ziliondokea Kourou, Guyana ya Kifaransa, iliyo nyuzi 5 kaskazini, na ziliacha mabaki yao katika obiti za namna hiyo. Masalia hayo hayapiti Paris hata siku moja. Hupita Makueni, Kampala, Kisangani, Mwanza na Bujumbura, mzunguko baada ya mzunguko, hata yakishuka. Hapa hakuna njama ya mtu yeyote dhidi yetu. Ni jiometri ya duara na mahali tulipozaliwa.

Mwaka 2022 jarida la Nature Astronomy lilichapisha utafiti uliopima hatari ya mabaki ya roketi yanayorudi bila kuongozwa. Watafiti walikadiria kwamba, kwa mazoea ya wakati huo, katika miaka kumi kuna uwezekano wa takriban asilimia 10 wa mtu mmoja au zaidi kudhurika. Walionyesha pia kwamba hatari katika latitudo za Jakarta, Dhaka na Lagos ni angalau mara tatu ya ile ya latitudo za New York, Beijing na Moscow. Nchi zinazorusha roketi nyingi zimekaa kaskazini, na nchi zinazobeba hatari zimekaa katikati.

Tazameni pia walioandika utafiti huo. Miongoni mwao ni Michael Byers, mtaalamu wa sheria za kimataifa, na Aaron Boley, mwanafalaki, wote wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, nchini Kanada. Mwaka 2023 wawili hao walitoa kitabu kuhusu nani anamiliki anga za juu, na ndani yake sheria na fizikia ya nyota zinakwenda sambamba. Chuo chao hakikumwambia mwanasheria arudi kitivo cha sheria na mwanafalaki arudi kwenye darubini. Kwa ushirikiano ule, hoja ambayo ingepaswa kutolewa na Nairobi au Dar es Salaam ilitolewa Vancouver, na imetufaa sisi zaidi kuliko ilivyowafaa majirani zao. Tunawashukuru. Lakini shukrani haifuti aibu.

Ipo hesabu nyingine ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anaiweza. Vitu 10 vikizunguka katika eneo moja, jozi zinazoweza kugongana ni 45. Vikiwa 100, jozi ni 4,950. Vikiwa 10,000, jozi ni 49,995,000. Vyombo vimeongezeka mara mia, nafasi za kugongana zimeongezeka zaidi ya mara elfu kumi. Hiyo ndiyo mantiki waliyoijenga Donald Kessler na Burton Cour-Palais wa NASA mwaka 1978 walipoonya kwamba migongano inaweza kuzaa vipande, vipande vikazaa migongano mingine, mpaka tabaka zima la anga likawa halifai. Februari 2009 setilaiti ya Kimarekani, Iridium 33, na ya Kirusi iliyokwisha kufa, Kosmos 2251, ziligongana juu ya Siberia na kuacha maelfu ya vipande. Shirika la Anga za Juu la Ulaya sasa linakadiria kwamba vipande vikubwa kuliko sentimita moja vinavyozunguka dunia ni zaidi ya milioni 1.2.

Hapo ndipo mchumi wa mazingira anapoingia, na kwa maoni yangu yeye ndiye tuliyemsahau zaidi. Mwaka 1954 mchumi wa Kanada, Scott Gordon, alieleza kwa nini samaki wa maji yasiyo na mwenyewe huisha. Wavuvi wa Ziwa Victoria hawahitaji kufundishwa nadharia hiyo: kila mwenye mtumbwi hupima pato lake mwenyewe, hakuna anayepima sangara anayempunguzia jirani, na mwisho wote hurudi na nyavu nyepesi. Obiti nayo ni mali ya wote isiyo na lango. Kampuni inayorusha setilaiti moja zaidi hupata faida yote ya setilaiti hiyo, lakini hatari ya mgongano inagawanywa kwa kila mwenye chombo angani na kila mwenye paa duniani.

Mwaka 2020 wachumi Akhil Rao, Matthew Burgess na Daniel Kaffine walipendekeza dawa: kila setilaiti ilipiwe ada ya mwaka kwa kutumia obiti. Kwa makadirio yao, ada ingepanda hadi dola 235,000 hivi kwa setilaiti kwa mwaka ifikapo 2040, na thamani ya sekta nzima ingetoka dola bilioni 600 hadi dola trilioni 3, kwa sababu tu msongamano na migongano vingepungua. Kwa hesabu hiyo ada inaikuza biashara inayotozwa.

Lakini fedha hizo zikusanywe na nani, na zigawanywe kwa kipimo gani? Je, nchi iliyo chini ya mkanda wa Ikweta, inayobeba hatari kubwa kuliko mchango wake, ina fungu katika ada hiyo? Je, tunaweza kudai bila kuvunja Mkataba wa 1967, unaokataza dola yoyote kujitwalia anga za juu? Hayo ni maswali ya uchumi na sheria kwa pamoja, na hakuna mtu mwenye sababu nzito kuliko yetu ya kuyauliza. Tukiyauliza, tuyaulize kwa haki pia, maana sisi nasi ni wateja. Zipo shule na zahanati katika nchi zetu zinazopata intaneti kupitia setilaiti hizohizo. Mchumi mwaminifu ataweka faida hiyo kwenye mizani, upande wa pili akaweka pete ya Mukuku, na pia picha za darubini zinazochorwa mistari na setilaiti zinazopita.

Mtasema tumewahi kudai tukashindwa. Ni kweli, na inafaa kujifunza kutoka hapo. Tarehe 3 Desemba 1976, nchi nane za Ikweta zilitia saini Azimio la Bogotá: Brazil, Kolombia, Kongo, Ekwado, Indonesia, Kenya, Uganda na Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Zilidai kwamba ile obiti iliyo kilomita 35,786 juu ya Ikweta, ambako setilaiti huonekana kama imesimama, ni sehemu ya himaya zao, kwa kuwa ipo kwa sababu ya mvuto wa dunia. Dunia haikukubali. Na kwa upande wa fizikia hoja ilikuwa dhaifu: mvuto unaoishikilia setilaiti hutoka kwenye dunia nzima, pamoja na Siberia na bahari ya Pasifiki, si kwenye ukanda wa ardhi ulio chini yake.

Hata hivyo manung'uniko yaliyozaa azimio lile yalikuwa ya haki: waliotangulia walikuwa wakichukua nafasi zote bora, na wachelewaji wangekuta hakuna. Yalipopelekwa kwa lugha nyingine yalisikika. Mwaka 1988 mkutano wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano mjini Geneva ulipitisha mpango uliohakikishia kila nchi angalau nafasi moja katika obiti ile kwa huduma fulani za setilaiti. Hoja ya umiliki ilianguka. Hoja ya mgawo, iliyopimwa kwa masafa, pembe na maeneo ya kufikiwa na mawimbi, ikasimama. Funzo langu ni kwamba mwanadiplomasia aliyepewa kaulimbiu hurudi nyumbani mikono mitupu, na aliyepewa hesabu hurudi na kitu.

Wala falaki si ya kigeni kwetu kama inavyosemwa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota iliondoka katika lile jukwaa la San Marco, na ikapewa jina la Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi, na kiongozi wa mradi huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Roketi ilipita juu ya vichwa vya wavuvi wa Malindi. Elimu iliyopatikana iliandikwa kwingine. Hatuwezi kuwalaumu Waitaliano na Wamarekani kwa hilo, maana walikuja na swali lao na wakaondoka na jibu lao. Sisi hatukuwa na swali letu.

Najua hoja mtakayonijibu nayo: fedha hakuna, na nchi zenye malaria na ukame zina mambo ya kufanya kabla ya kutazama juu. Naiheshimu hoja hiyo, lakini kwa suala hili haina nguvu. Siwaombi darubini wala roketi. Takwimu za obiti za maelfu ya vyombo hutolewa bure mtandaoni, na mwanafunzi wa Eldoret au Dodoma mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuzishusha leo na kukokotoa ni masalia mangapi hupita juu ya kaunti au mkoa wake kwa wiki. Mikataba ya kimataifa husomwa bure. Nadharia ya mali ya wote imo katika vitabu vilivyokwisha kujaa vumbi maktabani mwenu. Gharama kubwa hapa ni ya utaratibu, na utaratibu uko mikononi mwenu.

Kwa hiyo naomba mambo manne.

Kwanza, ruhusuni tasnifu za uzamili na uzamivu zisimamiwe na vitivo viwili kwa haki sawa. Mwanafunzi wa sheria anayeandika juu ya dhima ya masalia ya angani awe na msimamizi wa fizikia au hisabati anayetambuliwa kikamilifu, tena si kama fadhila ya rafiki. Chuo kisicho na mwanafalaki kiazime wa chuo jirani, na Baraza lililoko Kampala liandike kanuni moja ya kuazimana huko.

Pili, rekebisheni kanuni za kupandisha vyeo. Wahadhiri wenu hulalamika kwamba makala ya waandishi wanne humpa kila mmoja alama pungufu kuliko makala aliyoandika peke yake, na kwamba jarida lililo nje ya fani ya mtu hutazamwa kwa jicho la shaka. Kanuni ikimwadhibu anayeshirikiana, msishangae watu wakijifungia idarani.

Tatu, NACOSTI na COSTECH zitenge mfuko wa pamoja, hata uwe mdogo, unaotoa fedha kwa sharti kwamba ombi liwe na fani tatu au zaidi na nchi mbili au zaidi. Mada ya kwanza iwe hatari ya masalia ya angani katika ukanda wa Ikweta. Matokeo yake yawafikie wajumbe wetu katika kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya amani ya anga za juu, inayokutana Vienna kila mwaka, ili waingie kikaoni na takwimu za kwao.

Nne, kila utafiti wa mfuko huo utoke na muhtasari wa Kiswahili usomeke na chifu, diwani na mwalimu wa sekondari, na pale Makueni usomwe barazani kwa Kikamba. Watu wa Mukuku wana haki ya kujua ni nini kilianguka, kwa nini kilianguka kwao, na serikali yao inaweza kudai nini. Ripoti iliyofungiwa nyuma ya malipo ya jarida la ng'ambo haiwezi kuwapa haki hiyo.

Waheshimiwa, haya hayangoji sheria mpya bungeni wala mfadhili kutoka nje. Seneti ya chuo inaweza kuyaamua mawili ya kwanza katika kikao kimoja. Vyombo vinaongezeka angani kila mwezi, na jiometri ya Ikweta haitabadilika, kwa hiyo kitu kingine kitashuka juu ya shamba la mtu katika ukanda huu. Siku hiyo tunataka mwandishi wa habari apige simu Nairobi, Makerere au Dar es Salaam, na upande wa pili apokee mtu mwenye hesabu, aliyeketi jirani na mtu mwenye mkataba. Anzeni katika mwaka wa masomo unaokuja.

Wenu katika kuitakia mema elimu yetu,

Mwandishi na mlipa kodi